Umiliki wa maeneo ya kumbukumbu ya vifaa vya kompyuta

Umiliki wa maeneo ya kumbukumbu ya vifaa ni utaratibu ambao mfumo endeshi wa kompyuta hutumia ili kujua ni kiendeshi kipi kinachotumia anwani zipi za kifaa, na ili viendeshi viwili visiandike mahali pamoja bila kujuana. Kiendeshi ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kufanya kazi na kifaa fulani, kama vile kadi ya mtandao, kadi ya picha, printa au kamera.

Katika mifumo mingi utaratibu huu hufanana na daftari la viwanja. Kiendeshi huomba eneo, jina lake huandikwa, na anayekuja baadaye kuomba eneo hilohilo hukataliwa. Hata hivyo daftari si ukuta. Huwazuia wale wanaopita ofisini kuomba, wala haliwezi peke yake kumzuia anayeingia shambani moja kwa moja. Tofauti hiyo ilionekana wazi mwaka 2008, pale kadi za mtandao zilipoharibiwa na programu isiyohusika nazo kabisa.

Dhana ya msingi

Prosesa huifikia kumbukumbu kwa kutumia anwani. Kila baiti ina namba yake, kama vile kila nyumba ilivyo na namba katika mtaa uliopimwa. Prosesa inapotaka kusoma, hutoa namba hiyo kwenye nyaya za anwani, na sehemu inayohusika hujibu.

Si lazima anayejibu awe RAM. Baadhi ya anwani huelekezwa kwenye vifaa. Prosesa ikiandika kwenye anwani ya namna hiyo, data haihifadhiwi tu, bali hufika ndani ya kifaa na kuchukuliwa kama amri: tuma pakiti, badilisha rangi ya nukta kwenye skrini, zungusha diski. Ndani ya kifaa huwa kuna nafasi ndogo za kuwekea namba zinazoitwa rejista. Rejista moja huonyesha hali ya kifaa, nyingine hupokea amri, nyingine hupitisha data.

Rejista za kifaa hazifanani na RAM kitabia. Ukiandika 7 katika RAM kisha ukasoma, utapata 7. Ukiandika 7 katika rejista ya kifaa, huenda ukasoma kitu kingine kabisa, kwa kuwa namba ile ilikuwa amri. Zaidi ya hayo, kusoma kwenyewe kunaweza kubadilisha hali ya kifaa. Katika kadi za mtandao za Intel za aina ya e1000, kwa mfano, kuna rejista inayoeleza kwa nini kadi imeiita prosesa. Ikishasomwa, taarifa zilizomo hufutwa. Kama programu mbili zingeisoma rejista hiyo kwa zamu, moja ingechukua taarifa za mwenzake, na yule wa pili angeendelea kungoja taarifa ambayo haitakuja tena.

Ndiyo maana eneo la kifaa huhitaji mwenyewe mmoja. Programu nyingi zinaweza kusoma ukurasa mmoja wa RAM bila madhara, lakini kifaa kinachopokea amri kutoka kwa mabwana wawili wasiojuana hukosea, hukwama au hupoteza data.

Historia

Anwani zilizopangwa na mtengenezaji

Wazo la kuviweka vifaa katika anwani za kumbukumbu si geni. Kompyuta ya PDP-11 ya kampuni ya DEC, iliyotoka mwaka 1970, haikuwa na amri za pekee za kuzungumza na vifaa. Rejista za vifaa ziliwekwa katika KB 8 za mwisho za anwani, na prosesa ilizitumia kwa amri zilezile za kusoma na kuandika kumbukumbu.

IBM PC ya mwaka 1981 ilitumia njia mbili pamoja. Prosesa yake, Intel 8088, ilikuwa na nyaya 20 za anwani, hivyo iliweza kufikia baiti 1,048,576, yaani MB 1. KB 640 za mwanzo zilitengwa kwa ajili ya RAM, na sehemu ya juu iliachiwa vifaa na programu ya kuwashia kompyuta. Pamoja na hayo, prosesa ilikuwa na milango 65,536 ya kuingizia na kutolea data, ambayo ina namba zake na haihesabiwi katika anwani za kumbukumbu.

Anwani za vifaa huandikwa kwa namba za msingi wa 16, ambapo baada ya 9 hufuata herufi A hadi F. Katika IBM PC, kadi ya skrini ya rangi moja ilikuwa na kumbukumbu yake kuanzia anwani B0000, na kadi ya skrini ya rangi nyingi kuanzia B8000. Kwa kuwa maeneo hayo hayakugusana, mtu aliweza kuweka kadi zote mbili katika kompyuta moja na kutumia skrini mbili. Huo ulikuwa ugawaji mzuri, lakini ulifanywa na mtengenezaji mezani kabla kompyuta haijauzwa.

Ugawaji wa kufanywa kwa mkono

Kampuni nyingi zilipoanza kutengeneza kadi za kuongezwa, hapakuwa tena na mpangaji mmoja. Kila kadi ilikuja na anwani iliyochaguliwa na mtengenezaji wake, na mnunuzi aliweza kuibadilisha kwa kuhamisha vikofia vidogo vya kuunganisha pini kwenye kadi yenyewe. Kadi mbili zilizopangwa kwenye anwani moja hazikufanya kazi, au zilifanya kazi kwa kubahatisha.

Mgongano uliweza pia kutokea kati ya kadi na programu. Toleo la 5 la MS-DOS la mwaka 1991 lilikuwa na programu ya EMM386, iliyotafuta nafasi tupu juu ya KB 640 ili izitumie kama kumbukumbu ya ziada. Baadhi ya kadi za mtandao za wakati huo zilikuwa na dirisha la kumbukumbu katika sehemu hiyohiyo, kwa mfano kuanzia D0000. EMM386 ikiiona nafasi hiyo kuwa tupu na kuitwaa, mtandao ulikatika. Dawa ilikuwa mtumiaji mwenyewe kuandika katika faili la CONFIG.SYS kwamba eneo hilo lisiguswe. Daftari la viwanja lilikuwa kichwani mwa mtumiaji au kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa ndani ya kasha la kompyuta.

Vifaa vinavyojieleza

Mabadiliko makubwa yalikuja na PCI, njia ya mawasiliano ya ndani ya kompyuta iliyotangazwa na Intel mwaka 1992. Kifaa cha PCI hakina anwani ya kudumu. Badala yake kina rejista zisizozidi sita zinazosema kinahitaji maeneo mangapi na yenye ukubwa gani, na mfumo ndio unaokipangia mahali.

Namna ya kuuliza ukubwa ni rahisi. Mfumo huandika moja katika biti zote za rejista hiyo, kisha huisoma tena. Biti ambazo kifaa hakiwezi kuzibadilisha hurudi zikiwa sifuri. Kwa mfano, biti chache za mwisho zinazoeleza aina ya eneo zikishawekwa kando, jibu la FFFE0000 lina maana kwamba biti 17 za chini ni sifuri, yaani kifaa kinahitaji baiti 131,072 au KB 128. Baada ya hapo mfumo huandika anwani ya mwanzo iliyochaguliwa, na kifaa huanza kujibu hapo.

PCI iliondoa sehemu kubwa ya migongano ya kadi kwa kadi. Lakini ilibaki haja ya kujua ni kiendeshi kipi kinachotumia eneo lililokwisha kugawiwa, na kazi hiyo ni ya mfumo endeshi.

Hatua za kudai eneo katika Linux

Katika Linux, kiendeshi hupitia hatua nne.

Kwanza, hupata taarifa za kifaa: eneo linaanzia wapi na linaishia wapi. Kwa kifaa cha PCI taarifa hizo hutoka kwenye rejista zilizoelezwa hapo juu.

Pili, hudai eneo. Kiendeshi huita kazi iitwayo request_mem_region, kikitaja anwani ya mwanzo, urefu na jina lake. Kama hakuna aliyekwisha kudai, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huandika dai hilo na kurudisha jibu la kukubali. Kama eneo lote au sehemu yake imekwisha kudaiwa, jibu ni la kukataa, na kiendeshi kinatakiwa kusimama hapo na kutoa kosa linaloitwa EBUSY, ambalo namba yake ni 16. Ndiyo sababu katika kumbukumbu za matukio ya mfumo huonekana kosa -16 pale viendeshi viwili vinapogombea kifaa kimoja.

Tatu, huunganisha anwani. Programu zinazoendeshwa na prosesa ya kisasa hazitumii anwani halisi moja kwa moja, bali anwani dhahania, ambazo prosesa huzitafsiri kwa kutumia majedwali yaliyoandaliwa na kerneli. Kazi iitwayo ioremap huongeza katika majedwali hayo anwani dhahania zinazoelekea kwenye kifaa. Pia huiambia prosesa isiweke nakala za data hizo katika kumbukumbu yake ya haraka, kwa kuwa nakala ya rejista inaweza kuwa imepitwa na wakati mara tu inapochukuliwa.

Nne, kiendeshi kikimaliza kazi huondoa muunganisho huo na kuliachia eneo. Kiendeshi kinachosahau kuachia huacha jina lake kwenye daftari, na hata chenyewe kikipakiwa upya hukataliwa. Ili kupunguza makosa hayo, Linux ina kazi ya devm_ioremap_resource, ambayo hudai na kuunganisha kwa pamoja, kisha huachia yenyewe kifaa kinapoondolewa.

Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba hatua ya pili na ya tatu hazifungamani. Kazi ya ioremap haiulizi kama aliyeiita alikwisha kudai. Kiendeshi kilichoandikwa vibaya kinaweza kuruka hatua ya pili na bado kikaweza kuandika kwenye kifaa.

Daftari lenyewe

Linux huhifadhi madai yote kwa muundo wa mti. Muundo huo uliandikwa mwaka 1999, na Linus Torvalds ni miongoni mwa waandishi wake. Shina ni anwani zote za kompyuta. Matawi ni maeneo makubwa, kama vile RAM na njia za PCI. Ndani ya njia ya PCI kuna maeneo ya vifaa, na ndani ya eneo la kifaa kuna dai la kiendeshi.

Mti huo unaweza kusomwa katika faili la /proc/iomem. Kompyuta dhahania iliyowekewa kadi ya mtandao ya e1000 huweza kuonyesha mistari kama hii:

000a0000-000bffff : PCI Bus 0000:00
000f0000-000fffff : System ROM
febc0000-febdffff : 0000:00:03.0
  febc0000-febdffff : e1000
fec00000-fec003ff : IOAPIC 0

Mstari wa tatu unasema kwamba eneo la KB 128 ni la kifaa chenye namba 00:03.0. Mstari wa nne, uliosogezwa ndani, unasema kwamba kiendeshi kiitwacho e1000 kimelidai eneo lote la kifaa hicho. Kama mstari wa nne usingekuwepo, maana yake ni kwamba kifaa kimepewa anwani lakini hakuna kiendeshi kilichoandikisha kukitumia. Mtumiaji wa kawaida akilifungua faili hili huona sifuri mahali pa anwani. Msimamizi wa mfumo ndiye anayeonyeshwa namba zenyewe, kwa sababu anwani za kerneli humsaidia anayetaka kuushambulia mfumo.

Milango ya kuingizia na kutolea data ina mti wake wa pembeni unaosomwa katika /proc/ioports.

Kwa nini kuuliza na kudai ni kitendo kimoja

Zamani viendeshi vya Linux vilitumia kazi mbili. Kazi ya check_region iliuliza kama eneo ni tupu, kisha kazi nyingine ikalidai. Ilionekana kuwa ni tahadhari nzuri, kumbe ilikuwa na mwanya. Kiendeshi cha kwanza kiliuliza, kikaambiwa eneo ni tupu. Kabla hakijadai, cha pili nacho kiliuliza, kikaambiwa vivyo hivyo. Kila kimoja kiliendelea kikiamini kwamba kiko peke yake.

Hatari hiyo iliongezeka kompyuta zilipoanza kuwa na prosesa zaidi ya moja, kwa kuwa viendeshi viwili viliweza kuuliza katika muda uleule hasa. Siku hizi kuuliza na kudai hufanyika kwa tendo moja chini ya kufuli. Anayedai ama anapata, ama anakataliwa, na hakuna muda katikati. Kazi ya check_region ilikwisha kuondolewa.

Pale eneo linapohitajiwa na wengi

Kuna hali ambapo viendeshi kadhaa vina haki ya kulitumia eneo moja. Linux ina njia kadhaa za kulitatua jambo hilo.

Njia ya kwanza ni kuwa na mzazi. Chipu moja huweza kuwa na kazi nyingi zinazotumia rejista zilizochanganyika: saa, vipima joto, taa, vidhibiti vya umeme. Kiendeshi kimoja mzazi hudai eneo lote, kisha viendeshi vidogo huomba kusoma na kuandika kupitia kwake. Mzazi huweka kufuli ili maombi mawili yasiingiliane. Njia hii ni ya kawaida sana katika simu na kompyuta ndogo zinazotumia prosesa za Arm.

Njia ya pili ni kupokezana. Kwenye ubao mama wa kompyuta nyingi kuna chipu inayosimamia vitu vidogovidogo kama kasi ya feni na kipimajoto. Hufikiwa kupitia jozi ya milango, mara nyingi 2E na 2F. Mlango wa kwanza huchagua rejista, wa pili husoma au kuandika. Kiendeshi cha feni kikichagua rejista yake, kisha kiendeshi kingine kikaingia kati na kuchagua nyingine, cha kwanza kitaandika mahali pasipo pake. Kwa hiyo kuna aina ya dai ambapo anayekuta eneo limeshikwa hakataliwi, bali husubiri hadi mwenzake aachie. Mshikaji hutakiwa kulishika kwa muda mfupi tu.

Njia ya tatu ni kukabidhiana. Kompyuta inapowaka, kiendeshi rahisi hudai kumbukumbu ya skrini iliyoandaliwa na programu ya kuwashia, ili maandishi ya mwanzo yaonekane. Baadaye kiendeshi kamili cha kadi ya picha hufika. Hakiwezi kudai eneo ambalo limeshikwa, wala skrini haiwezi kuwa na waandishi wawili. Hivyo kerneli humwondoa kwanza yule wa muda, huliachia eneo, ndipo kiendeshi kamili hulidai.

Tukio la kadi za e1000e mwaka 2008

Katika mwezi wa Septemba 2008, watu waliokuwa wakijaribu matoleo ya awali ya kerneli ya Linux 2.6.27 walianza kuripoti kwamba kadi zao za mtandao za Intel zimekufa. Kadi hizo zilitumia kiendeshi cha e1000e. Hazikufufuka hata kompyuta ilipozimwa na kuwashwa upya, kwa kuwa kilichoharibika ni kumbukumbu ya kudumu inayobeba mipangilio ya kadi, pamoja na anwani yake ya kipekee. Matoleo ya majaribio ya Ubuntu na openSUSE yalikuwa miongoni mwa yaliyohusika, na watumiaji walitahadharishwa wasiyaendeshe kwenye kompyuta zenye kadi hizo.

Kiendeshi cha e1000e kilikuwa kimelidai eneo lake kwa utaratibu. Jina lake lilikuwa kwenye daftari. Watafiti walishuku kwamba programu nyingine, labda ile ya kuchora skrini, ilikuwa inaingia katika eneo hilo kupitia faili la /dev/mem, ambalo huiwezesha programu ya kawaida yenye mamlaka ya msimamizi kugusa anwani halisi za kompyuta.

Chanzo kilipopatikana mwezi wa Oktoba kilikuwa kingine. Kerneli mpya ilikuwa na chombo cha kufuatilia mwenendo wake chenyewe, kiitwacho ftrace. Chombo hicho kiliandika orodha ya mahali ambapo msimbo wa kerneli ungebadilishwa baadaye. Baadhi ya mahali hapo palikuwa ndani ya msimbo wa kuanzishia viendeshi, ambao hufutwa baada ya kutumika mara moja. Anwani dhahania zilizoachwa wazi zilitumiwa tena, na katika kompyuta hizo ziliangukia kwenye muunganisho wa kumbukumbu ya kudumu ya kadi ya mtandao. Chombo cha ftrace kikarudi kwenye orodha yake ya zamani na kuandika pale pale, kikidhani bado ni msimbo.

Waandishi wa ftrace hawakuwa wazembe. Walitumia amri ya prosesa inayolinganisha kwanza kilichopo na kinachotarajiwa, na kubadilisha tu vikilingana. Katika RAM kinga hiyo ingetosha. Lakini katika eneo la kifaa amri hiyo hupeleka tendo la kuandika hata pale ulinganisho unaposhindwa, na kwa kifaa kuandikiwa ni amri.

Kerneli 2.6.27 ilitolewa tarehe 9 Oktoba 2008, na katika toleo la 2.6.27.1 lililofuata siku chache baadaye sehemu hiyo ya ftrace ilizimwa. Wahandisi wa Intel nao walikiongezea kiendeshi cha e1000e uwezo wa kuifunga kumbukumbu ya kudumu ya kadi ili isiandikike kirahisi.

Ulinzi ulioongezwa

Tukio hilo liliacha alama katika utaratibu wenyewe wa kudai. Ingawa /dev/mem haikuwa na hatia safari hii, uchunguzi ulionyesha kwamba shaka ile ilikuwa ya haki: kiendeshi kilichodai eneo hakikuwa na njia ya kuwazuia watumiaji wa nje. Katika kerneli 2.6.29 ya mwaka 2009 liliongezwa dai la kipekee, ambalo huwanyima watu wa nje nafasi ya kuliunganisha eneo husika. Kiendeshi cha e1000e kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kulitumia. Mwaka 2016 uliongezwa mpangilio mwingine wa kerneli, unaoikataza /dev/mem kugusa eneo lolote ambalo kiendeshi kimelidai.

Hata hivyo ulinzi huo huwahusu walio nje ya kerneli. Viendeshi vya Linux hukaa ndani ya kerneli na hutumia majedwali mamoja ya anwani. Kosa katika kimoja linaweza kufika kwenye eneo la kingine, na daftari halitajua. Kuna njia mbili za kujenga ukuta halisi.

Ya kwanza ni kuvitoa viendeshi nje ya kerneli. Mifumo kama QNX na MINIX 3 huendesha viendeshi kama programu za kawaida, kila kimoja na majedwali yake ya anwani. Kiendeshi kikijaribu kugusa anwani ambayo hakikupewa, prosesa yenyewe hukisimamisha.

Ya pili ni maunzi yanayochuja anwani zinazotoka kwenye vifaa. Kifaa nacho huweza kusoma na kuandika RAM moja kwa moja bila kupitia prosesa, na kiendeshi kibovu kinaweza kukipa anwani isiyo sahihi. Intel na AMD huweka katika kompyuta zao kichujio kinachokiruhusu kila kifaa kufikia sehemu za RAM kilizopangiwa tu. Kichujio hicho ndicho kinachowezesha kifaa kizima kukabidhiwa kompyuta dhahania bila kuihatarisha kompyuta mama.

Katika mifumo mingine

Katika Windows, mwamuzi ni sehemu ya mfumo iitwayo Plug and Play. Kiendeshi hakiendi kudai kwa kutaja anwani. Sehemu hiyo hukusanya mahitaji ya vifaa vyote, hupanga maeneo yasiyogongana, kisha humpa kila kiendeshi orodha ya maeneo yake wakati kifaa kinapoanzishwa. Mtumiaji anaweza kuyaona maeneo hayo katika dirisha la Device Manager. Nafasi isipotosha, kifaa hubaki bila kufanya kazi na huonyesha kosa namba 12.

Katika simu za Android, ambazo kerneli yake ni Linux, na katika kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, vifaa vingi vilivyo ndani ya chipu havina njia ya kujieleza kama PCI. Anwani zao huandikwa na wahandisi katika faili maalumu lenye muundo wa mti, ambalo kerneli hupewa wakati wa kuwaka. Mwandishi wa faili hilo akikosea na kuvipa vifaa viwili maeneo yanayopandana, kiendeshi kitakachotangulia hupata, na kitakachofuata hukataliwa. Kosa la karatasini hugunduliwa na daftari kabla halijafika kwenye kifaa.

Mgao wa anwani humgusa pia mtu asiyejua lolote kuhusu viendeshi. Kompyuta yenye mfumo wa biti 32 huwa na anwani 4,294,967,296, yaani GB 4. Maeneo ya vifaa nayo yanahitaji kukaa humo. Ndiyo maana watu wengi walionunua RAM ya GB 4 kwa ajili ya Windows ya biti 32 waliona kwamba mfumo unaweza kutumia GB 3 na kitu tu. RAM haikuwa mbovu, wala muuzaji hakuwapunja. Anwani ambazo zingeifikia sehemu iliyobaki zilikuwa zimekwisha kupewa vifaa.